Kwa Shanta Hadi Angkor: Mawe Yaliyobaki na Watu Waliobaki



Safari si jambo geni kwa watu wa pwani. Wazee wetu walikwenda kwa pepo za kaskazi na kusi, na sisi leo twaenda Makka kwa ibada, Dubai na Guangzhou kwa biashara, na Bara Hindi kwa matibabu. Lakini safari ya kwenda kuona na kujifunza tu, mtu akabeba shanta mgongoni, akapanda gari moshi la daraja la tatu na kuvuka mpaka kwa miguu, hiyo bado ni nadra katika nyumba zetu, na zaidi kwa wanawake. Tangu turudi, wengi wametuuliza tulikula nini, tuliswali wapi, tulilala vipi, na swali ambalo mama yetu alikuwa ametangulia kutuuliza hata kabla hatujaondoka: "Mwaenda kutafuta nini kwenye masanamu?"

Makala haya ni jawabu letu kwa wote waliouliza.

Tulikuwa wanne, dada watatu wa tumbo moja na kaka yetu, ambaye ndiye aliyekuwa mahramu wetu. Nia yetu ilikuwa kufika Angkor, mji wa kale wa wafalme wa Khmer katika nchi ya Kambodia, na kufika huko kwa njia ya nchi kavu kutoka Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Mwalimu wa dini tuliyemwendea kwa ushauri alitukumbusha kwamba Qur'ani yenyewe inawahimiza watu watembee katika ardhi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Akatuwekea mipaka miwili: tusishiriki ibada isiyo yetu, na tusiwafanyie dharau wale wanaoabudu. Mipaka hiyo tuliishika, na tuliiona kuwa wepesi zaidi ya tulivyodhani.

Kila mmoja alibeba shanta moja isiyozidi kilo nane. Ndani mlikuwa na nguo tatu, msala mwepesi, tende, visheti na kanga mbili mbili. Tunaomba ruhusa ya kuisifu kanga hapa. Kanga ilikuwa shuka, taulo, pazia la chumba cha kulala, mfuko wa nguo chafu, na kivuli juani. Mtu akituuliza kifaa kimoja cha kutochezea safarini, tutamwambia ni hicho.

Gari moshi la alfajiri

Gari moshi la kwenda mpakani huondoka Bangkok kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Tuliswali alfajiri kwenye nyumba ya wageni, tukakimbilia stesheni, na kaka akatukatia tikiti kwa baht 49 kila mmoja, ambazo hazifiki dola mbili. Kwa fedha hizo hupati kiyoyozi. Hupata kiti kigumu, feni iliyo darini, na dirisha lililo wazi ambalo ndilo starehe yenyewe.

Mji ulituchukua muda kuumaliza. Baada ya hapo zilianza konde za mpunga, tambarare na za kijani, na ndege weupe ambao kwetu twawaita yangeyange wakisimama mguu mmoja majini. Kila stesheni walipanda wachuuzi, wengi wao wanawake, wenye vikapu vya wali, kuku wa kuchoma na matunda yaliyokatwa. Kuku hatukumgusa, kwa kutojua amechinjwaje. Tulinunua maembe, mananasi na mayai ya kuchemsha, tukayala kwa tende zetu. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu, asiyejua neno la lugha yetu wala sisi la lugha yake, alimenya chungwa akatugawia sote wanne, kisha akashika ncha ya kanga ya dada yetu mdogo na kuigeuzageuza kwa vidole kama mjuzi wa nguo. Hatukuhitaji mkalimani kuelewa kwamba ameipenda. Alipoteremka, iliteremka naye.

Saa sita kasoro tulifika Aranyaprathet, mji mdogo wa mwisho upande wa Thailand.

Mahali pa kuvukia

Kutoka stesheni hadi mpakani ni mwendo wa kilomita chache kwa tuktuk. Hapa msafiri awe macho. Dereva aliyetuchukua hakutupeleka mpakani. Alitupeleka kwenye jengo la pembeni lenye bendera na dawati, ambapo vijana nadhifu walituambia kwamba visa za Kambodia hutolewa hapo, kwa bei iliyo juu sana ya bei ya serikali. Visa zetu tulikuwa tumeziomba kwa njia ya intaneti tangu nyumbani. Kaka aliwaonyesha karatasi, akawashukuru, na akamwambia dereva kwa upole kwamba hatushuki hadi tuuone mpaka kwa macho. Dereva alicheka na kuwasha injini. Udanganyifu huo unajulikana na wasafiri wote wa njia ile, na dawa yake ni kujitayarisha mapema.

Mpaka wenyewe unavukwa kwa miguu. Unagongewa muhuri wa kutoka, unavuka daraja dogo juu ya kijito cha maji machafu, kisha kabla hujafika dawati la kuingilia Kambodia unapita kati ya majumba makubwa ya kamari, yenye taa zinazowaka mchana. Thailand imepiga marufuku majumba ya namna hiyo, kwa hivyo wacheza kamari wake huvuka hatua mia chache tu kuja kupoteza fedha zao. Mbele ya majumba hayo hupita mahamali wakivuta mikokoteni mirefu iliyojaa nguo kuukuu, mboga na barafu, na watoto wakiisukuma kwa nyuma. Utajiri na dhiki wamekaa pale kama majirani wasioamkuana.

Tulisimama kivulini kidogo, kwa sababu mahali pale pana habari zake. Tarehe 17 Aprili 1975 jeshi la Khmer Rouge liliingia Phnom Penh, likawatoa watu wote mijini na kuwapeleka mashambani kufanya kazi ya nguvu. Utawala huo ulidumu hadi Januari 1979, na inakadiriwa kuwa watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili walikufa kwa kuuawa, njaa na maradhi. Walionusurika walikimbilia upande huu wa Thailand kwa maelfu, wakipita misitu iliyotegwa mabomu ya ardhini, na kambi kubwa ya Khao-I-Dang ikafunguliwa si mbali na Aranyaprathet. Sisi wa Mombasa tuliokuwa na akili mwanzoni mwa miaka ya tisini tunakumbuka ndugu zetu wa Barawa na Mogadishu walivyoteremka kwenye majahazi, wengine bila viatu. Mstari tuliouvuka kwa pasi na muhuri, kuna waliouvuka wakiwa na mtoto mgongoni na wasijue kama mguu unaofuata utakanyaga ardhi salama. Dada yetu mkubwa alisoma Fatiha, nasi tukaitikia.

Upande wa pili kila kitu hugeuka. Thailand magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Kambodia huendeshwa kulia. Fedha yao ni riel, lakini dola ya Marekani hupokelewa kila mahali, alimradi noti iwe safi, maana iliyochanika kidogo hurudishwa. Kutoka mji wa mpakani, Poipet, hadi Siem Reap ni takriban kilomita 150. Tulikodi teksi ya pamoja, tukapita nchi tambarare iliyopandwa mivumo mirefu, ile ile jamii ya mivumo tuijuayo sisi, ambayo wenyeji huigema na kupata sukari. Kando ya barabara wanawake walikuwa wakiuza wali uliopikwa kwa tui la nazi na kunde ndani ya kipande cha mwanzi. Tulipouonja tulitazamana na kucheka: maelfu ya maili kutoka nyumbani, na bado ni wali wa nazi.

Nyumba za mawe kwa miungu, nyumba za miti kwa watu

Angkor si hekalu moja. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 400, lenye mabaki ya miji mikuu iliyofuatana tangu karne ya 9 hadi ya 15. Hekalu lililo maarufu zaidi, Angkor Wat, lilijengwa na mfalme Suryavarman II aliyetawala kuanzia mwaka 1113. Kwa wasomaji wa pwani tuutie mwaka huo mahali pake: maandishi ya Kikufi katika mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wakati mafundi wa Kizimkazi wakichonga matumbawe, mafundi wa Khmer walikuwa karibu kuanza kuchonga mawe yao ya mchanga.

Tulifika asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda na kundi la wapiga picha limerudi kula chakula cha asubuhi. Kwanza unakutana na maji: handaki lenye upana wa mita 190 hivi, limelizunguka hekalu pande zote nne. Kisha njia ndefu ya mawe, kisha minara mitano iliyochongwa kama matumba ya maua. Mahekalu mengi ya Khmer hutazama mashariki. Hili hutazama magharibi. Mawe yake yalikatwa katika milima ya Kulen, iliyo umbali wa kilomita kadhaa, na watafiti wamegundua alama za mifereji ambayo yaelekea mawe hayo yaliletwa kwayo juu ya maji.

Kinachomshika mtu zaidi ni nakshi. Kuta za baraza ya chini zimechongwa kwa mamia ya mita bila kuacha nafasi: vita, misafara ya mfalme juu ya tembo, hadithi za miungu ya Kihindi. Kwenye ukuta mmoja mfalme wa mauti amekaa kitako akihukumu watu. Wengine wanapelekwa juu kwenye raha, na wengine wanaburutwa chini kwenye adhabu. Tulisimama hapo muda mrefu. Waliochonga hawakuwa na kitabu chetu wala mtume wetu, lakini waliiogopa hisabu.

Hekalu hili lilijengwa kwa ajili ya mungu wa Kihindi, Vishnu, na baadaye likawa la Kibudha, na ibada ingali inafanywa humo hadi leo. Ndani, kwenye giza, bibi wazee walitunyooshea vijiti vya ubani. Tuliweka mkono kifuani, tukainama kidogo kwa heshima ya umri wao, tukapita. Hakuna aliyenuna. Kwa mavazi yetu hatukupata usumbufu wowote. Sheria ya mahali hapo ni kufunika mabega na magoti, na kule juu ambako ngazi zimesimama kama ukuta, tuliwaona wageni wengi wakirudishwa kwa sababu ya nguo zao, huku sisi tukipishwa. Ushauri wa kike hapa ni huu: buibui refu ni hatari kwenye ngazi zile. Suruali pana na kanzu inayoishia chini ya magoti hutosha kwa sitara na kwa usalama.

Jambo moja lilitukaa akilini siku zote tatu tulizokuwa pale. Kwa Wakhmer wa kale mawe yalikuwa haki ya miungu peke yao. Mfalme mwenyewe alilala katika jumba la miti, na raia katika vibanda vya mwanzi na majani. Watafiti wanakadiria kwamba mji huo ulikuwa na watu kati ya laki saba na laki tisa wakati wa kilele chake, na hata mlango mmoja wa nyumba zao haukubaki. Mwaka 2012 ndege zilipita juu ya msitu zikiwa na vyombo vya miali ya leza, ndipo zilipoonekana alama za mitaa, vidimbwi na viambaza vya udongo. Kisha yakaja majanga: ukame wa miaka mingi uliofuatwa na mafuriko makubwa yaliyoharibu mifereji, na mashambulizi ya jirani zao wa Ayutthaya mwaka 1431. Wafalme wakahamia kusini. Msitu ukaingia.

Hekalu la Ta Prohm limeachwa karibu na hali hiyo ya kuingiliwa na msitu. Mfalme Jayavarman VII alilijenga mwaka 1186 kwa kumbukumbu ya mama yake, na maandishi yake ya kale yanasema karibu watu 80,000 walikuwa wakilihudumia. Leo mizizi minene kuliko mwili wa mtu imeyakumbatia mapaa, na haiwezekani kuing'oa bila kuangusha ukuta. Aliyewahi kutembea Gede, kule karibu na Watamu, akaona miti ilivyosimama ndani ya nyumba za watu, ataipata hisia yake.

Mashujaa wenye kofia za maua

Hekalu la Bayon lilijengwa na mfalme huyo huyo, na linajulikana kwa nyuso kubwa zinazotabasamu kutoka minarani. Sisi nyuso hazikutuchelewesha sana. Tulivutwa na kuta za chini, kwa sababu humo wafalme wamewapisha watu wa kawaida. Mna wanawake sokoni wakipima na kuuza samaki. Mchina aliyeitwa Zhou Daguan, aliyekaa Angkor mwaka 1296 hadi 1297, aliandika kwamba biashara ya nchi ile ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mna wapishi, mna wapiganishaji wa majogoo, mna mwanamke anayezaa akisaidiwa na wakunga.

Na mna vita vya majini. Mitumbwi mirefu imegongana, samaki na mamba wanasubiri chini. Upande mmoja ni Wakhmer, vichwa wazi. Upande wa pili ni watu waliovaa kofia zinazofanana na ua lililofunuka. Hao ni Wacham, watu wa ufalme wa Champa uliokuwa katika pwani ya nchi ambayo leo ni Vietnam. Historia inasimulia kwamba mwaka 1177 waliuingia mji wa Angkor na kuupora, na Jayavarman VII alipata sifa yake kwa kuwatoa.

Jina hilo tulikuwa tumelisikia jana yake usiku, mahali pengine kabisa.

Katika mji wa Siem Reap, mwendo mfupi kutoka mahoteli, mna mtaa wa Waislamu wenye msikiti, madrasa na migahawa michache. Tulikuwa tumeufuata kwa sababu ya njaa. Tulimkuta mama mmoja amejifunga mtandio, akituletea mchuzi mzito wa nyama wa nazi, wenye iliki, mdalasini na njugu, uitwao saraman. Mumewe alikuwa amejifunga saruni kama vile baba zetu wanavyojifunga kikoi. Binti yao, aliyesoma Malaysia, alizungumza nasi kwa Kiingereza. "Sisi ni Wacham," alisema.

Tulipotoka Bayon, tulirudi kwao tukamwonyesha picha za mashujaa wa kwenye ukuta. Alizitazama akacheka. "Hao ni babu zetu kabla ya kusilimu. Watalii huwapiga picha kila siku, kisha wakija mjini hawajui kuwa tupo."

Habari zao kwa ufupi ni hizi. Champa ilikuwa ufalme wa mabaharia, na lugha ya Kicham ni ya ukoo mmoja na Kimalei na, la kushangaza zaidi kwetu, Kimalagasi cha Bukini, ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Uislamu uliwafikia kwa njia ya biashara ya bahari, kama ulivyotufikia sisi. Mwaka 1471 Wavietnam waliuteka mji wao mkuu wa Vijaya, na wengi wakahamia Kambodia, nchi ya maadui wa zamani, ambayo iliwapokea. Katika karne ya 17 mfalme mmoja wa Kambodia, Ramathipadi wa Kwanza, alisilimu na kuitwa Ibrahim. Kisha ikaja miaka ya Khmer Rouge.

Nyanya wa binti huyo alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwanzi uani, akitafuna tambuu. Tulimwamkia kwa salamu yetu akaitikia sawasawa, kila herufi mahali pake, na mazungumzo yaliyobaki yalipita kwa mjukuu wake. Wakati wa miaka ile sala ilikatazwa. Misahafu ilikusanywa ikachomwa. Misikiti ilivunjwa, mingine ikageuzwa mabanda ya nguruwe. Wanawake walinyang'anywa mitandio na kukatwa nywele, na watu walilazimishwa kula nyama ya nguruwe ili wajulikane nani atakataa. Vijiji vya Koh Phal na Svay Khleang vilivyosimama kupinga, mwaka 1975, viliangamizwa. Bibi alikuwa msichana. Alisema mama yake alimfundisha Fatiha kwa kunong'ona, wakiwa wameinama kondeni wakipandikiza mpunga, aya moja kwa siku, ili midomo isionekane ikienda. Kabla ya mavuno mama alikufa. Fatiha ilikuwa imekwisha kukamilika.

Mwezi wa Novemba 2018 mahakama maalumu iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa ilimtia hatiani Nuon Chea, aliyekuwa wa pili katika uongozi wa Khmer Rouge, kwa kosa la mauaji ya halaiki dhidi ya Wacham na Wavietnam. Ilikuwa imepita miaka 39 tangu utawala ule uanguke.

Bibi naye alituuliza swali: kwetu ina misikiti ya kale? Tulimweleza Gede, Jumba la Mtwana, Takwa, misikiti yenye mihrabu ya matumbawe iliyosimama bila mapaa. Alinyamaza, akatema tambuu, akasema maneno ambayo mjukuu wake alisita kabla ya kuyafasiri: "Yenu ilianguka kwa uzee. Yetu haikuachwa izeeke."

Kwa wanaotaka kwenda

Kwanza, hali ya mpaka. Tulisafiri mpaka ukiwa wazi na nchi zikiwa na amani. Mwaka 2025 Thailand na Kambodia zilifunga vivuko vyao na kupigana, na miongoni mwa yanayogombaniwa ni mahekalu ya kale yaliyo kwenye milima ya mpakani, ingawa Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tangu mwaka 1962 kwamba hekalu la Preah Vihear ni la Kambodia. Asiende mtu kwa njia ya nchi kavu bila kuuliza hali ilivyo. Siem Reap ina uwanja mpya wa ndege uliofunguliwa Oktoba 2023.

Pili, hati. Msafiri kutoka Kenya huhitajika kuonyesha kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano anapoingia Thailand. Kama utarudi kwa njia ya Thailand, visa yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani ya mara moja huisha pale unapogongewa muhuri wa kutoka.

Tatu, gharama. Tikiti ya Angkor tuliyoikuta ilikuwa dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu, na 72 kwa siku saba. Watoto walio chini ya miaka 12 huingia bure wakiwa na pasi. Siku tatu zinatosha familia.

Nne, ibada na chakula. Tulipunguza na kukusanya swala kama wasafiri, na kibla huko ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo. Kuleni kwa Wacham. Chakula ni halali na kitamu, na fedha yenu inabaki katika nyumba ya Muislamu aliyepitia mengi.

Tano, watoto wanaouza kadi na vikuku mahekaluni. Huruma itakuvuta ununue. Wenyeji wenyewe wanaomba wageni wasinunue, kwa kuwa kila mauzo huwazuia watoto hao kurudi shuleni. Nunua kwa mama zao.

Jawabu

Mama alituuliza twaenda kutafuta nini. Tulichokiona Angkor ni kwamba jiwe huhifadhi jina la aliyeliamrisha, na hukaa kimya kuhusu aliyelibeba. Wafalme wote tunawajua kwa miaka yao. Jina la mwanamke aliyeuza samaki sokoni hatulijui. Na Wacham wametufundisha kwamba umma unaweza kunyang'anywa kila jiwe na kila karatasi, ukabaki kwa sababu mama mmoja alimnong'onezea bintiye aya moja kwa siku.

Sisi tumeneemeshwa vyote viwili. Mawe tunayo: Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na Mji wa Kale wa Lamu uko humo tangu 2001. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu waliowapeleka watoto wao Gede, mbali na siku ya matembezi ya shule? Na bibi zetu tunao, wenye nyimbo za harusi, majina ya mitaa iliyobadilishwa, nasaba, dawa, na habari za nani alijenga kisima kipi. Kila mwezi tunazika mmoja wao na maktaba yake.

Basi ombi letu kwa kila nyumba inayosoma makala haya ni dogo. Katika likizo ijayo, chukueni matatu hadi Gede au Jumba la Mtwana pamoja na watoto, na mkiweza, pamoja na mzee mmoja. Mwacheni aseme, na mmoja wenu aandike. Haihitaji visa wala shanta.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awahifadhi ndugu zetu Wacham, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoiona ardhi yake kwa macho yenye mazingatio. Amin.